Weusi Mabegani mwa Hashiru

Mwanahalima hakuwahi kulala kabla watoto wake hawajalala, na hata walipoota ndevu aliendelea kusikiliza pumzi zao kupitia ukuta wa udongo. Watu wa Kibuta walimjua hivyo. Wingu likitanda, yeye ndiye wa kwanza kuwaita wanawe watoke shambani. Mtoto wa jirani akikohoa mara mbili, yeye keshafika mlangoni na mdalasini wake. Mumewe Salumu, enzi za uhai wake, alikuwa akimtania mbele ya wageni kwamba siku akifa yeye, Mwanahalima ataweka sikio kaburini asikilize kama amelala vizuri.

Mwanamke wa namna hiyo kuolewa na mkwezi ilikuwa adhabu. Salumu alipanda minazi ya watu kuanzia kwao Kibuta mpaka karibu na Kisarawe mjini, na kila alipotoka asubuhi na kamba yake begani, mkewe alibaki akipika muhogo bila kujua ametia chumvi au hakutia. Salumu alikufa kwa maradhi, kitandani, na Mwanahalima alilihesabu hilo kuwa neema. Lakini neema yenyewe haikudumu, maana wanawe wawili, Hashiru na Ally, waliirithi kazi ya baba yao kama watu wengine wanavyorithi shamba.

Hashiru ndiye aliyeanguka. Ilikuwa baada ya mvua, shina la mnazi linateleza. Mguu ukatoka kwenye kidato kilichochongwa shinani, mkono wa kulia ukadaka kuti, mwili wote ukaning'inia kwenye mkono huo mmoja. Kisha kuti likakatika, akatua kwenye shamba la muhogo. Mifupa haikuvunjika. Majirani wakamshukuru Mungu, wakachinja kuku. Ila tangu siku ile mkono wake wa kulia ulining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Haukuinuka, haukukunjika, vidole havikufumba. Ukimfinya, hasikii.

Hashiru na mama yake walipita zahanati, wakapita hospitali ya wilaya, mwisho wakaambiwa waende Kibaha, kwenye hospitali moja yenye mashine ya MRI. Huko, waliambiwa, hufika daktari bingwa wa kuunga mishipa ya fahamu, na akiona kwenye picha kwamba kuna kinachoungika, anafanya upasuaji. Lakini mishipa hiyo haingoji. Mkono ukikaa muda mrefu bila kuunganishwa, nyama zake hunywea, na hapo hata bingwa hawezi kitu.

Walifikia Kongowe, hapo hapo Kibaha, kwa Maua, binti wa dada yake Mwanahalima, aliyekuwa mpishi wa shule. Na asubuhi yake wakaenda kwenye picha.

Mtaalamu wa mashine alikuwa msichana wa bara, mwembamba, jina lake Stellamaris. Aliwaamkia vizuri, akamkalisha Hashiru, akaanza kumuuliza maswali.

"Una chuma chochote mwilini? Risasi, waya, sindano iliyokatikia ndani?"

"Hapana."

"Kipande cha bati kwenye jicho? Umewahi kufanya kazi ya kuchomelea?"

"Mimi ni mkwezi, dada. Chuma changu ni panga, na nimeliacha Kibuta."

Stellamaris akacheka. Mwanahalima hakucheka. Alikuwa anaangalia bomba la sindano lililokuwa juu ya sinia.

"Na hiyo ni ya nini, mwanangu?"

"Hii ni dawa ya picha, mama. Tutamchoma akiwa ndani." Akaona uso wa yule mama, akavuta kiti. "Nikueleze. Hapa kati ya shingo na bega, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu inapita pamoja, imekumbatiana. Tukipiga picha hivi hivi, yote inang'aa. Huijui ipi ni ipi. Dawa hii ikiingia kwenye damu, mishipa ya damu inafifia, inakuwa giza. Inayobaki inang'aa ni ile ya fahamu peke yake. Hapo ndipo tunaona kama imekatika au imevutika tu."

Mwanahalima alisoma mpaka darasa la nne, lakini hilo alilielewa. "Yaani unazima taa za majirani ili uone ya kwako inawaka au imezimika."

"Hiyo nitakuibia, mama. Nitawaambia wagonjwa wote."

"Na inatoka mwilini?"

"Inatoka kwa mkojo. Ndiyo maana tulimpima figo kwanza. Ziko safi."

"Na ikikataa kutoka?"

"Mama," Hashiru akasema, "muache dada afanye kazi. Utamuuliza mpaka sindano ioze."

Wakaingia. Mwanahalima akabaki kwenye benchi, akiisikiliza mashine ikigonga kama mtu anayetengeneza bati. Iligonga, ikabadilisha mlio, ikagonga tena. Halafu ikanyamaza kabla ya wakati. Yeye akawa keshasimama.

Mlango ukafunguka. "Usiogope, mama," Stellamaris alisema, ingawa yeye mwenyewe alikunja uso. "Anasema mabega yanamchoma. Yote mawili, si lile bovu tu. Pana vialama vyeusi pale. Anasema ni chale."

"Ni chale," Mwanahalima alijibu.

"Za jivu?"

"Chale ni chale, mwanangu."

Stellamaris akamtazama kidogo, akarudi ndani. Mashine ikaendelea.

Daktari aliyewasomea picha aliitwa Ponsiano, mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Siku iliyofuata aliwageuzia kioo cha kompyuta. Mwanahalima aliona michirizi myeupe ikishuka kutoka shingoni, mizuri, kama mizizi ya mchicha iliyooshwa. Upande wa kushoto na upande wa kulia. Na juu ya kila upande, karibu na pale mizizi inapotokea, palikuwa na doa jeusi, kama mtu amemwaga wino.

"Dawa imefanya kazi yake," daktari alisema. "Mishipa ya damu imefifia. Ya fahamu tunaiona vizuri mpaka hapa. Kisha inapotea kwenye weusi huu. Kwa mtu aliyening'inia kwa mkono, weusi mahali hapa kwa kawaida ni damu ya zamani, na maana yake mizizi imenyofoka kutoka uti wa mgongo. Ikinyofoka, hakuna pa kuungia. Bingwa hatampasua kwa ajili hiyo."

Hashiru alitazama sakafu.

Stellamaris alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha daktari. "Lakini, daktari, upande mzima nao una weusi ule ule. Na mkono wa kushoto haukuumia."

"Nimeuona. Ndiyo maana nauliza." Akamgeukia Hashiru. "Hizo chale ziliwekwa nini? Jivu la mti haliharibu picha hivi."

"Jivu tu."

"Una hakika?"

"Jivu tu, daktari."

"Sawa. Kama ni jivu tu, basi hilo doa nalihesabu damu, na ndivyo nitakavyoandika kabla bingwa hajafika. Nendeni mkafikiri. Kama kuna jambo, mrudi kesho kutwa, kabla hajaja."

Hashiru alimtupia mama yake jicho. Lilikuwa jicho la baba yake, jicho la kusema nyamaza. Mwanahalima akatii, ingawa alijua kilichomo kwenye zile chale. Yeye ndiye aliyekitwanga.

Mtoto wa mkwezi anapoanza kupanda minazi mirefu, huzindikwa. Huchanjwa mabegani na shingoni, hupakwa dawa, ili mikono isilegee juu. Kila ukoo una dawa yake. Ya ukoo wa Salumu ilikuwa na jivu la mizizi na mavi ya chuma, yale makapi meusi yanayobaki kwenye tanuri la mhunzi, yanayotwangwa mpaka yawe unga. Salumu aliyaleta kwenye kitambaa, akampa mkewe kinu. Alitwanga nyuma ya nyumba, mgongo wake umegeukia njia, na unga ulikuwa unang'aa kidogo kwenye jua. Hashiru na Ally walichanjwa siku moja, mmoja baada ya mwingine. Na Salumu akasema maneno ya baba yake: aliyechanjwa hasemi, aliyechanganya hasemi. Neno likitoka, kinga inatoka nalo, kwa wote waliochanjwa siku hiyo.

Kwa wote. Hashiru hakuwa tena na mnazi wa kupanda. Lakini Ally alikuwa juu ya minazi karibu kila siku.

Na Hashiru alipoulizwa habari ya chuma mwilini, Mwanahalima hakuwa ameficha. Hakuliwazia kabisa. Kwake chuma ni jembe, ni sufuria, ni msumari. Unga ule ulikuwa dawa.

Jioni ile, uani kwa Maua, alikaa akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

"Mama mdogo, huo mchele umekukosea nini?" Maua alimuuliza. "Punje zimeanza kulia."

"Hashiru yuko wapi?"

"Yuko barazani, anaangalia bodaboda zinapita. Kwani daktari amesemaje hasa? Mmerudi kama mmetoka kuzika."

Mwanahalima akamweleza yote, isipokuwa lile. Maua hakuwa mjinga. Alilelewa Kibuta mpaka alipoolewa.

"Na nyinyi hamkuwaambia kilichomo."

"Kilichomo wapi?"

"Haya, mama mdogo. Mimi sijasema kitu." Maua akainua sufuria. "Ila ningekuwa na mtoto ananing'iniza mkono namna ile, ningesema hata siri za marehemu bibi."

"Wewe huna mtoto juu ya mnazi."

Maua akaingia jikoni na sufuria yake.

Mwanahalima akatoka barazani. Hashiru alikuwa ameuweka mkono mbovu mapajani, ameulaza vizuri kama mtu anayemshikia mwenzake mzigo.

"Mwanangu."

"Najua unachotaka kusema."

"Daktari anasema doa linaweza kuwa damu, linaweza kuwa kitu kingine. Akijua—"

"Mama, nilianguka kutoka juu kabisa. Watu wangapi wameanguka pale wakainuka? Mimi nimeinuka. Unafikiri ni nini kilichoniinua?"

"Mungu."

"Mungu na baba. Sasa ukitoa neno, nimebaki na nini? Na Ally?" Alimgeukia. "Utaweza kumzika Ally kwa ajili ya mkono wangu?"

"Usiseme hivyo."

"Wewe ndiye unayetaka kusema. Mimi nimenyamaza."

Asubuhi Mwanahalima alimpigia Ally. Alijitenga karibu na bomba la maji la jirani, wasimsikie.

"Bi mkubwa, shikamoo! Mkono umeamka?"

"Marahaba. Haujaamka. Ally, leo usipande."

"Leo sipandi, leo naenda Kisarawe kufuata pesa yangu."

"Na kesho usipande. Mpaka nikuambie."

"Kesho kuna gari la mnunuzi, bi mkubwa. Ananisubiri mimi, nazi hazijishushi zenyewe."

"Nimesema usipande. Mimi ni mama yako."

"Sawa, sawa. Wasiwasi wako nao ungeuzwa kwa kilo, tungekuwa na gorofa." Akacheka. Alikuwa na kicheko cha baba yake kabisa. "Sipandi. Umefurahi?"

"Apa."

"Mama, ala! Sipandi, wallahi."

Akakata simu, akasimama pale mpaka mwenye bomba akamuuliza kama anataka maji. Alifikiri kwamba, Ally akiwa chini, neno lingetoka na kupita bila kumkuta mtu juu. Baadaye angemkataza kazi yenyewe. Angeuza mbuzi, angemtafutia kibanda cha chipsi, angelia mbele yake mpaka akubali. Hayo yote aliyapanga akitembea kwenda hospitali peke yake, khanga imemlegea kiunoni bila kujua.

Stellamaris alikuwa anafungua ofisi yake.

"Mama Hashiru! Mbona peke yako? Yuko wapi mgonjwa?"

"Kalala. Mwanangu, funga mlango."

Akafunga. Mwanahalima akakaa, akainuka, akakaa tena.

"Zile chale si jivu tu. Ndani yake kuna mavi ya chuma. Unga wake. Nilitwanga kwa mikono yangu."

Alitazama juu baada ya kusema, kwenye dari, kama mtu anayesikiliza kitu kinachodondoka mbali.

Stellamaris hakumcheka wala hakumgombeza. Alikaa naye. "Mabega yote mawili?"

"Na shingoni kidogo. Ndiyo kinga ya kupanda. Na hairuhusiwi kusemwa, kwa hiyo mimi..."

"Ndiyo maana yalimchoma. Chuma kinapata joto mle ndani. Na ndicho kinachoweka doa, mama. Hata kikiwa unga, kinaivuruga mashine kuliko dawa yangu inavyoweza kuisaidia. Dawa ilizima taa za majirani, lakini mbele ya taa yako mtu alikuwa amesimama."

"Anaondoka?"

"Haondoki. Unga umeshaingia ngozini. Lakini nikijua amesimama wapi, naweza kuchungulia pembeni yake. Kuna namna nyingine za kupiga, taratibu zaidi, vipande vyembamba zaidi. Nitamwekea kitambaa cha maji baridi mabegani asiungue. Na dawa ya picha tutamchoma tena, daktari akiridhia. Mlete kesho."

"Hashiru hataki niseme."

"Basi kwa nini umesema?"

Mwanahalima alifunga khanga yake vizuri, akatoka.

Hashiru alikuja siku ya pili kwa sababu daktari alipiga simu mwenyewe. Hakumsemesha mama yake tangu Kongowe mpaka hospitali. Alilala kwenye kitanda cha mashine, akawekewa vitambaa baridi, akachomwa dawa, na safari hii mashine iligonga kwa muda mrefu sana. Mwanahalima alihesabu milio mpaka akapotea. Alikuwa na hofu mbili, moja nyuma ya mlango ule na nyingine Kibuta, na hakujua aelekeze sikio wapi.

Daktari Ponsiano aliwaita mchana. Doa lilikuwa bado lipo, lakini limesogea na kuwa dogo, na chini yake michirizi myeupe ilionekana ikipita.

"Weusi haukuwa damu," alisema. "Ulikuwa chuma. Kwa hiyo niliyosema mwanzo nayafuta. Sasa sikilizeni vizuri. Mizizi hii mitatu ya juu imevutika, imevimba, lakini imeshika. Hii ndiyo inayoinua bega na kukunja kiwiko. Bingwa anaweza kuifanyia kazi, na nina matumaini nayo." Akasogeza kidole chini. "Hii miwili ya chini imenyofoka. Hapa tunaiona kweli, bila weusi wowote."

"Hiyo miwili ni ya nini?" Hashiru aliuliza.

"Vidole."

"Havitashika?"

"Kama ulivyokuwa unashika zamani, hapana. Sitakudanganya."

Hashiru alitikisa kichwa polepole. Mwanahalima alitaka kumshika, akaogopa kumshika. Alikuwa amelipa neno lile akitumaini mkono mzima, na amerudishiwa nusu.

Walitoka, wakakaa kwenye ukingo wa saruji karibu na geti. Jua lilikuwa kali. Hashiru alikaa mbali naye kidogo.

"Kwa hiyo ulisema."

"Nilisema."

"Bila kuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

Akacheka bila furaha. "Hilo kweli." Kisha, akiutazama mkono mapajani, "Kiwiko, amesema. Nitaweza kubeba ndoo kwa kiwiko?"

"Utabeba hata mtoto."

"Mama, usianze." Lakini alisogea kidogo. Halafu uso wake ukabadilika. "Leo ndiyo siku ya gari la mnunuzi kuja Kibuta. Mpigie Ally."

"Aliniapia."

"Mpigie."

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ally akapokea, na kabla hajasema neno Mwanahalima alisikia upepo, na sauti ile ya makuti yanayosuguana, ambayo haipatikani chini.

"Uko wapi?"

"Bi mkubwa... nilijua utaniua. Jamaa amekuja na gari lake, ningemwambiaje? Nimebakiza huu mmoja tu, huu wa karibu na kwa mwalimu."

"Ally, shuka."

"Nimeshafika juu, niangue kwanza—"

"Acha nazi. Shuka sasa hivi. Polepole. Simu usiikate."

"Nishuke na simu mdomoni kama mbwa na mfupa?"

"Tia kwenye mfuko wa shati. Iache wazi."

Kulikuwa na kitu katika sauti ya mama yake ambacho hata Ally alikisikia, maana hakutania tena. Kukawa na mkwaruzo wa kitambaa, kisha pumzi ya mtu, karibu sana, kama amelala upande wa pili wa ukuta. Mwanahalima aliishika simu kwa mikono miwili. Hashiru alikuja akakaa ubavuni mwake, akaegemeza kichwa chake kwenye kichwa cha mama yake, sikio kwa sikio, simu katikati yao.

Walisikia mguu ukisugua shina. Pumzi. Mguu mwingine. Kamba ikikaza na kulegea.

"Mnazi wa kwa mwalimu," Hashiru alisema kwa sauti ya chini, macho amefumba. "Katikati kuna kidato kimeoza. Upande wa kushoto."

"Ally!" Mwanahalima akaita. "Kidato cha kushoto kimeoza!"

"Nakijua," sauti ikajibu kwa mbali, kutoka mfukoni. "Nyamazeni basi, mnanitetemesha."

Wakanyamaza. Watu waliingia na kutoka getini, mlinzi akawaambia wasogee kidogo gari lipite, wakasogea bila kuachana. Pumzi ile ilikuja na kwenda. Mara moja kitu kilikwaruza kwa nguvu, Mwanahalima akauma khanga yake, kisha pumzi ikarudi. Halafu kishindo kidogo, cha miguu miwili kwenye udongo.

"Haya, niko chini," Ally alisema, anahema. "Mnunuzi ananitolea macho. Sasa niambieni, kuna nini?"

Hashiru akaitoa simu mikononi mwa mama yake kwa mkono wake wa kushoto.

"Mdogo wangu," alisema. "Kwanza kaa chini. Kuna jambo mama amelisema, na linakuhusu na wewe."